Mapacha wanne wa Genain: akili iliyopungua mapema, na maisha manne tofauti

Mwaka 1955, Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, iliyoko Bethesda, Maryland, ilipokea wagonjwa wanne wa familia moja. Walikuwa dada waliozaliwa siku moja mwaka 1930, wote kutoka yai moja lililogawanyika, na wote wanne walikuwa wameugua skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kushika imani potofu, kabla ya kutimiza miaka 25. Walikaa pale miaka mitatu chini ya timu ya mwanasaikolojia David Rosenthal. Ili wasijulikane, ukoo wao ulipewa jina la bandia la Genain, na wao wakaitwa Nora, Iris, Myra na Hester, herufi za mwanzo zikifuata kifupisho cha taasisi yenyewe, NIMH. Utani wa watafiti, labda, lakini umedumu.

Vitabu vya saikolojia huutaja ukoo huu kwa sentensi mbili tatu: jeni ni zilezile, ugonjwa ni uleule, basi skizofrenia inarithiwa. Kwa maoni yangu hilo ndilo fundisho dogo kuliko yote katika kisa hiki. Pacha wa kufanana wa mgonjwa ana uwezekano wa kati ya theluthi na nusu hivi wa kuugua naye, ingawa jeni ni zilezile. Kwa hiyo jeni peke yake haitoshi, na hilo lilijulikana zamani. Chenye uzito ni kwamba dada hawa walipimwa uwezo wa kufikiri wakiwa na umri wa miaka 27, wakapimwa tena wakiwa na 51, na mara nyingine wakiwa na 66. Wagonjwa wa skizofrenia waliofuatiliwa kwa vipimo kwa karibu miaka 40 ni wachache mno duniani. Na majibu yao yanagonga dhana mbili ambazo nazisikia hospitalini na mitaani vilevile: kwamba ugonjwa huanza siku mtu anapoanza kuongea na asiyeonekana, na kwamba tangu siku hiyo akili yake huoza kidogo kidogo hadi iishe.

Nyumbani, kabla ya wodi

Kwa nje ilikuwa familia ya kupigiwa picha: mabinti wanne wanaofanana, wakiimba na kucheza jukwaani tangu wadogo. Ndani kulikuwa na moto. Baba alikuwa mlevi na mkali, mtu wa kuwachunga mabinti zake kiasi cha kuwanyima marafiki hata walipokuwa watu wazima. Mama naye alikuwa amewagawa watoto katika jozi mbili. Nora na Myra walikuwa jozi ya kujivunia. Iris na Hester walikuwa jozi ya pili, ile isiyotarajiwa makubwa.

Hester alizaliwa wa mwisho, akiwa na uzito mdogo kuliko wenzake wote, na mapema akaonekana mzito wa kushika mambo. Iris hakuwa hivyo. Kosa lake lilikuwa kupangwa na Hester. Akalelewa, akafundishwa na kukemewa kana kwamba na yeye ni Hester. Tushike jambo hili, maana litatufaa mbele.

Shule ilianza kumshinda Hester akiwa kijana. Akawa mtu wa hasira na huzuni, na hakumaliza sekondari, wakati dada zake watatu walimaliza na kupata kazi za ofisini. Hapo hakuna aliyetaja ugonjwa wa akili. Nyumbani waliona mtoto mvivu na mkaidi. Nora ndiye aliyetangulia kulazwa hospitali, katika miaka ya mwanzo ya ishirini, na Iris akamfuata. Myra akaanguka baadaye kuliko wenzake.

Ukimuuliza mzazi yeyote wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura mwenye mtoto mgonjwa wa skizofrenia ugonjwa ulianza lini, mara nyingi atakutajia siku ya vurugu: siku alipovunja kioo, siku alipotoka usiku bila viatu. Ukimpa muda akumbuke, mengine hutoka. Alama zilikuwa zimeshuka tangu kidato cha pili. Alikuwa anatumwa vitu vitatu dukani anarudi na kimoja. Marafiki walikuwa wameisha. Utafiti mkubwa wa Dunedin, New Zealand, uliofuatilia watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, ulionyesha kitu hichohicho kwa vipimo. Watoto ambao baadaye waliugua skizofrenia walikuwa tayari nyuma ya wenzao katika msamiati na kufikiri walipoanza shule. Kisha, kati ya miaka 7 na 13, kasi yao ya kuchakata mambo na uwezo wa kushika jambo kichwani kwa muda mfupi viliendelea kukua, ila kwa mwendo wa taratibu kuliko wa wenzao. Pengo likawa linapanuka bila mtoto mwenyewe kurudi nyuma. Mwalimu humwona anaendelea. Asichokiona ni kwamba wengine wanamwacha.

Kwa hiyo Hester, kwa macho ya leo, hakuanza kuugua aliposhikwa na dalili za wazi. Alianza kuugua darasani.

Kemia ambayo ilikuwa haijulikani

Dada hawa walipoingia Bethesda, hakuna aliyejua kwamba dopamini ni kemikali ya kupitisha ujumbe kati ya seli za ubongo. Ilichukuliwa kuwa hatua ya njiani tu, kitu ambacho mwili hukipitia unapotengeneza noradrenalini. Arvid Carlsson na wenzake nchini Sweden ndio walioonyesha mwaka 1957 na 1958 kwamba ina kazi yake yenyewe. Wakati huohuo dawa ya klorapromazini, ile ambayo wengi kwetu wanaijua kwa jina la Largactil, ilikuwa imeanza kutumika Ufaransa mwaka 1952 na Marekani mwaka 1954. Iliwatuliza wagonjwa kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana, na hakuna aliyeweza kueleza inafanyaje. Mwaka 1963 Carlsson na Margit Lindqvist, wakifanya kazi na panya, wakapendekeza kwamba dawa za aina hii huziba vipokezi vya dopamini na noradrenalini, yaani sehemu za seli zinazopokea kemikali hizo. Katika miaka ya 1970 maabara ya Philip Seeman kule Toronto na ya Solomon Snyder kule Baltimore zikaonyesha uhusiano ambao bado ndio nguzo: kadiri dawa inavyoshika kwa nguvu kipokezi cha dopamini kiitwacho D2, ndivyo dozi yake ya kutibu inavyokuwa ndogo. Ndiyo maana haloperidoli, dawa nyingine ya skizofrenia, hutolewa kwa miligramu chache na klorapromazini kwa mamia.

Picha za PET, zinazoonyesha kemikali zikifanya kazi ndani ya ubongo, za miaka ya karibuni zimeongeza ushahidi kwa watu walio hai. Ndani kabisa ya ubongo kuna eneo liitwalo striata. Kwa mgonjwa aliye mwanzoni, seli zinazofika pale hutengeneza na kumwaga dopamini kupita kiasi. Mwaka 2009 Oliver Howes na wenzake jijini London waliripoti kwamba ongezeko hilo linaonekana hata kwa vijana walio ukingoni, wenye dalili hafifu ambazo bado hazijaitwa ugonjwa.

Dopamini ya striata kazi yake kubwa ni kuuambia ubongo kipi ni cha maana. Ikimwagwa bila mpangilio, vitu vya kawaida vinageuka vya maana: namba ya gari lililopita, kikohozi cha jirani, mtangazaji wa redio kutaja rangi ya shati lako. Mtu anakuwa kama anayepita sokoni na kila kelele inamfikia masikioni kama jina lake likiitwa. Shitij Kapur alilieleza hivi mwaka 2003, na naona ni maelezo bora kuliko yote tuliyonayo, kwa sababu yanatenganisha hatua mbili. Kwanza vitu vinapata uzito usiostahili. Kisha akili, ikitafuta sababu, inajijengea maelezo: nimelogwa, polisi wananifuata, Mungu amenichagua. Maelezo hayo huazimwa kutoka mahali mtu alipo. Mgonjwa wa Lamu atataja majini, wa Chicago atataja kamera. Dopamini hutoa uzito. Maneno mtu anayatoa kwao.

Dawa zinazoziba D2 hupunguza uzito huo. Zikishika kati ya asilimia 65 na 80 ya vipokezi hivyo kwenye striata, sauti hunyamaza kwa wagonjwa wengi. Zikizidi hapo, mwili unakakamaa na mikono inatetemeka.

Lakini mtu ambaye sauti zimenyamaza bado hawezi kufuata somo la nusu saa. Familia inafurahi wiki ya kwanza kwa sababu vurugu zimekwisha, halafu inachoka mwezi wa tatu kwa sababu kijana amekaa tu. Watu husema dawa zimempumbaza. Wakati mwingine ni kweli, nitalirudia. Mara nyingi zaidi, dawa imeondoa pazia, na kilichokuwa nyuma yake tangu mwanzo ndicho kinaonekana.

Herufi A, kisha X

Namna ya kukipima kile kilichokuwa nyuma ya pazia ilikuwa changa wakati dada hawa wakiwa wodini. Mwaka 1956 Haldor Rosvold, Allan Mirsky na wenzao walichapisha jaribio la umakini endelevu. Linasikika kama mchezo wa watoto. Mtu anakaa mbele ya kidirisha kidogo. Herufi zinapita moja moja, takriban moja kwa sekunde. Katika hatua ya kwanza anabonyeza kitufe kila aonapo X. Katika hatua ya pili anabonyeza X ile tu iliyotanguliwa na A. X iliyotanguliwa na B haihesabiki. A iliyofuatwa na Y haihesabiki. Hakuna hesabu wala maswali ya elimu, na jaribio linaendelea dakika kadhaa bila kupumzika.

Hatua ya pili inahitaji kitu kidogo sana: kuishika A kichwani kwa sekunde moja, huku ukijizuia usibonyeze kwa pupa. Mtu mwenye skizofrenia anakosea hapo kuliko watu wengine, hata akiwa ametulia kabisa, anaongea vizuri na hana imani potofu hata moja. Anakosea pia, ingawa si sana, ndugu yake ambaye haugui. Kosa hili halitokani na kutojali. Ukikaa na mgonjwa anapofanya jaribio la aina hii utaona anakaza macho na kidole kiko tayari juu ya kitufe, na bado X inampita.

Kinachoshika ile A ni gamba la mbele la ubongo, nyuma ya paji la uso, upande wa juu. Seli za pale zinaendelea kuwaka hata baada ya herufi kutoweka, na hivyo ndivyo ubongo unavyoshika jambo ambalo halipo tena mbele ya macho. Ili ziendelee kuwaka zinahitaji dopamini pia, lakini kupitia kipokezi kingine, D1, na kwa kiasi cha katikati. Ikipungua mwako unafifia, ikizidi unavurugika. Kwa wagonjwa, dopamini inayomwagwa pale mbele imeonekana kuwa pungufu. Hapo ndipo penye fumbo la ugonjwa huu: kemikali moja, imezidi ndani na imepungua mbele, kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Dawa ya kuziba D2 inatibu ule upande uliozidi. Haina cha kuongeza kule palipopungua, na ndiyo sababu uwezo wa kufikiri haupandi kwa kiasi cha kuonekana hata mgonjwa anapomeza vidonge vyake kwa uaminifu wote.

Dopamini yenyewe pengine ni matokeo ya hitilafu iliyo nyuma yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 dawa moja ya usingizi wa upasuaji, fensaiklidini, iliacha kuaminiwa kwa sababu watu walizinduka wakiwa hawajielewi kwa saa nyingi. Kilichowashangaza madaktari ni ukamilifu wa hali ile. Amfetamini, inayoongeza dopamini, humfanya mtu awe na wasiwasi na ahisi anafuatiliwa. Fensaiklidini ilileta hayo na zaidi: ukimya, uso usio na hisia, mawazo yaliyokatika, kushindwa majaribio ya kufikiri. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kujulikana kwamba inaziba kipokezi cha glutamati kiitwacho NMDA, na ketamini nayo inafanya hivyohivyo.

Glutamati ndiyo kemikali kuu ya kuamsha seli za ubongo. Miongoni mwa seli zinazoitegemea ni zile ndogo za kuzuia, zinazotumia kemikali ya kutuliza iitwayo GABA, ambazo kazi yake ni kuwapa wenzake mdundo ili waweze kufanya kazi pamoja. Seli hizo zikikosa mwito wa NMDA, mdundo unalegea. Uchunguzi wa ubongo wa marehemu waliokuwa na skizofrenia umeonyesha, mara baada ya mara, kwamba seli hizi kwenye gamba la mbele zina upungufu wa kimeng'enya cha kutengenezea GABA. Mdundo ukilegea, ile A haishikiki. Na gamba la mbele likishindwa kusimamia, dopamini ya striata inamwagika ovyo. Kwa mpangilio huu kufikiri kunadhoofika kwanza na sauti zinakuja baadaye, na ndivyo ilivyokuwa kwa Hester.

Lipo pia suala la umri. Katika ujana ubongo hupogoa miunganiko ya seli usiyoihitaji. Irwin Feinberg alipendekeza mwaka 1982 kwamba katika skizofrenia upogoaji unakwenda vibaya. Mwaka 2016 watafiti wa Boston walionyesha kwamba aina fulani za jeni ya C4, inayohusika na kuweka alama kwenye miunganiko ya kuondolewa, huongeza hatari ya ugonjwa. Hii inasaidia kueleza kwa nini hatari hujitokeza kati ya miaka 15 na 25, sio saba wala hamsini.

Miaka 27, 51 na 66

Emil Kraepelin, daktari Mjerumani aliyeupambanua ugonjwa huu mwishoni mwa karne ya 19, aliuita kwa Kilatini kwa maana ya kupungukiwa akili mapema. Aliamini unateremka tu. Eugen Bleuler alilibadilisha jina mwaka 1908, lakini hofu ya Kraepelin ilibaki, na bado ipo kwa madaktari wengi wanaomwambia mama mzazi asitarajie kitu.

Dada wa Genain walirudi NIMH mwaka 1981 wakiwa na miaka 51, na wakapimwa tena walipokuwa na 66 na timu ya Allan Mirsky, yuleyule wa jaribio la herufi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Kama Kraepelin angekuwa sahihi, watu wenye skizofrenia tangu ujana, wenye historia ndefu ya hospitali, wangekuwa hoi katika umri huo. Hawakuwa. Kwa jumla alama zao hazikushuka na umri, na katika baadhi ya vipimo vya umakini zilipanda. Walichopoteza walikipoteza mapema, kabla ya miaka 27, na baada ya hapo hali ikasimama.

Wagonjwa wanne si wengi, ila tafiti zilizofuata za wagonjwa wa mara ya kwanza zinakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Mtu anayelazwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake tayari ana sehemu kubwa ya upungufu wa kufikiri ambao mgonjwa wa miaka 20 anao. Hasara inatokea kabla ya daktari wa kwanza. Hili lina sura mbili. Sura mbaya ni kwamba tunawapokea wakiwa wamechelewa, hata wale tunaosema wamewahi. Sura nzuri ni kwamba mtu wa miaka 22 aliyeko mbele yako, na kumbukumbu yake iliyochujuka, kwa kawaida hataendelea kuzama. Hapo alipo ndipo pa kujengea. Naomba jambo hili waambiwe wazazi kwa maneno haya haya, siku ya kwanza, badala ya kuwaacha waende nyumbani na picha ya mtoto anayeyeyuka.

Iris na Nora

Sasa turudi kwenye jozi za mama yao.

Vipimo vya mfumo wa fahamu na vya kufikiri vilionyesha kwamba waliokuwa na hitilafu zaidi ni Nora na Hester. Myra na Iris walikuwa na hitilafu ndogo zaidi. Kama ubongo ungekuwa unaamua kila kitu, Myra na Iris wangekuwa na maisha bora, na Nora na Hester mabaya.

Haikuwa hivyo. Myra alifanya kazi ya ukarani, akaolewa, akazaa watoto wawili wa kiume, na ndiye aliyekaribia zaidi maisha ya kawaida. Hester ndiye aliyeumia kuliko wote. Hadi hapo ubongo na maisha vinakwenda sambamba. Lakini katikati mambo yamepishana. Nora, aliyekuwa na hitilafu zaidi, alifanya vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Iris, aliyekuwa na hitilafu ndogo, alifanya vibaya. Ukiweka jozi za mama juu ya jozi za vipimo, picha inajipanga: Myra alipendelewa na ubongo wake ulikuwa na nafuu, Hester alikosa vyote viwili, Nora alikuwa na ubongo mgonjwa zaidi na nyumba iliyompendelea, Iris alikuwa na ubongo uliokuwa na nafuu na nyumba iliyomfanya Hester wa pili.

Sidai kwamba malezi yalileta skizofrenia. Nadharia ya mama kumtia mtoto ugonjwa ilivuma sana miaka ileile ya 1950 na iliwaumiza wazazi wengi bila sababu. Dada wote wanne waliugua, waliopendelewa na wasiopendelewa. Ninachokiona kwa Iris ni kidogo zaidi na kwangu kizito zaidi: kiasi cha uwezo ambao mtu anao baada ya ugonjwa ni kitu kimoja, na kiasi anachoruhusiwa kukitumia ni kitu kingine. Mtu anayeweza kushika maagizo mawili, akipewa maagizo matano kila siku na kuitwa mjinga, ataishi kama asiyeweza hata moja.

Kinachofanyika kliniki

Kwa mgonjwa wa mwanzo, swali la kwanza kuhusu kufikiri ni la dawa zenyewe. Hospitali nyingi za Afrika Mashariki hutibu kwa haloperidoli, klorapromazini au sindano ya Modecate, na pamoja nazo huandikwa benziheksoli, Artane, ya kuzuia kukakamaa na kutetemeka. Benziheksoli huziba asetilikolini, na asetilikolini ndiyo kemikali ambayo ubongo huitumia katika kujifunza na kukumbuka. Kijana ambaye tayari anapoteza ile A anaongezewa kidonge kinachomvurugia kumbukumbu. Wakati wa kukakamaa kwa ghafla dawa hii ni msaada mkubwa. Tatizo ni kuiacha kwenye kadi mwaka hadi mwaka bila mtu kuuliza kama bado inahitajika, badala ya kupunguza haloperidoli iliyozidi. Hapa ndipo ile lawama ya dawa kupumbaza inapokuwa na haki. Lakini asiiache mgonjwa mwenyewe kwa ghafla. Ni mazungumzo ya daktari na familia, na hupunguzwa polepole.

Asetilikolini hiyohiyo imefungua mlango mwingine. Mwezi Septemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mchanganyiko wa zanomelini na trospiamu, dawa ya kwanza ya skizofrenia isiyogusa D2 moja kwa moja; inaamsha vipokezi vya asetilikolini vya M1 na M4. Inapunguza sauti na imani potofu. Kama itainua uwezo wa kufikiri kwa kiasi cha kumrudisha mtu kazini, bado haijathibitika. Njia ya glutamati imekatisha tamaa zaidi: bitopertini ilishindwa katika majaribio makubwa mwaka 2014, na iklepertini, iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kufikiri, ikashindwa mwaka 2025.

Kilichopo na kinachofanya kazi hakina mng'ao. Mazoezi ya kufikiri yanayofanywa mara kadhaa kwa wiki huinua alama kwa kiasi cha wastani, na faida yake huonekana zaidi yakifungamanishwa na kazi halisi ambayo mtu anaifanya. Nyumbani inakuwa hivi: agizo moja kwa wakati, limeandikwa kama anasoma, simu imewekwa kengele ya saa ya dawa, redio imezimwa mnapoongea, kazi ile ile, mahali pale pale, hadi imezoeleka ndipo iongezwe nyingine. Shughuli nyingi za kwetu zinafaa kwa hili. Kupanga mafungu ya nyanya gengeni, kulisha kuku, kufunga oda za duka la shangazi: zina hatua zinazojirudia na mtu wa kumwelekeza aliye karibu. Ofisi yenye simu tatu haifai kwa kuanzia.

Tahadhari moja kuhusu kisa chenyewe. Dada hawa walitumia dawa kwa nyakati tofauti na kwa viwango tofauti, kwa hiyo haiwezekani kujua kiasi gani cha uthabiti wa alama zao ni cha ugonjwa na kiasi gani ni cha tiba. Walizaliwa wanne, na watoto wanaozaliwa wanne huja wakiwa wadogo na dhaifu, jambo ambalo peke yake huathiri ubongo. Tofauti ya uzito kati ya Hester na wenzake ilianza kabla mama hajamgawa yeyote katika jozi. Huenda hata mgawanyo wa mama ulikuwa jibu la udhaifu aliouona kwa Hester. Kwa Hester, basi, mwili na malezi haviachani kirahisi. Kwa Iris vinaachana: hakuna kipimo cha ubongo kilichompa sababu ya kupangwa alipopangwa.